Mwenye Kofia Amezimia Tu

Zuwena wa Vihingo hakwenda Kibaha kwenye tamasha la filamu kutazama sinema. Sinema alikuwa anaijua. Alifuata sauti ya marehemu mumewe, Twalibu. Tangu Ramadhani ipite ilikuwa imeanza kumponyoka: sura anaiona, maneno anayakumbuka, lakini sauti yenyewe haiji. Jambo hilo lilimuuma kuliko msiba.

Msimcheke. Twalibu ndiye aliyekuwa mtafsiri wa kibanda cha video pale kijijini. Jenereta linanguruma nje, yeye kashika kipaza sauti, wazungu wanaongea yao na yeye anawasemea kwa Kiswahili. Kiingereza chenyewe alikijua cha kuombea maji, lakini nani angemuuliza? Kanda iliyopendwa kupita zote ilikuwa hiyo hiyo ya tamasha la Kibaha, ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya wapelelezi wenye makofia, moshi wa sigara, mvua isiyokatika na wanawake wazuri wasioaminika.

Enzi hizo Zuwena alikuwa binti, akikaa mkeka wa mbele. Alikuwa na tabia moja: mtu akifa kwenye sinema, anainuka anakwenda zake. Twalibu akaliona hilo. Mapenzi ni kikohozi, bwana. Toka hapo kibandani mwake hakufa mtu tena. Risasi zitalia, mwenye kofia ataporomoka ngazi nzima, na Twalibu atasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kubembeleza: "Amezimia tu huyo. Kesho atapata nafuu."

Zuwena akabaki. Akabaki mpaka ndoa, mpaka wajukuu.

Sasa yuko ukumbini, mchana, mapazia mazito yamefungwa, feni inazunguka kivivu, binti yake Raudha ubavuni. Skrini ikawaka. Mvua ile ile. Taa zile zile zikitetemeka kwenye barabara iliyolowa. Zuwena akalegea kitini kama mtu anayepitiwa na usingizi, akasubiri. Wazungu wakaongea. Maandishi ya Kiswahili yakapita chini, mazuri, hayana kosa. Twalibu hakusema kitu.

Wakafika kwenye ngazi. Risasi ikalia, kofia ikabiringika peke yake mpaka chini.

"Ndiyo amekufa, mama," Raudha akanong'ona. "Wameandika hapo."

Miguu ya Zuwena ilishaanza kuinuka. Hapo kikamjia kile kitanda cha hospitali, mwaka juzi, Twalibu akimshika kiganja: "Ukiniona nimefumba macho, usiondoke, Zuwena. Nimezimia tu." Na kweli hakuondoka. Alikaa naye mpaka walipokuja kumfunika.

Akarudi kukaa. Akamwinamia mwanawe, na maneno yakamtoka taratibu, kwa kubembeleza, naye mwenyewe akaitambua ile sauti. Kumbe ilikuwa kooni mwake siku zote hizo.

"Amezimia tu huyo," akasema. "Kesho atapata nafuu."