Amri ya Nne kwa Mbwa Wawili

Mbwa walikuwa wawili, mama na binti yake, na kuwalisha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mpishi katika nyumba ya Mbelgiji mmoja, fundi wa mitambo, huko Elisabethville, upande wa mji walikokaa Wazungu. Ilikuwa miaka ile kabla ya uhuru, mtu mzima mwenye mke na watoto akiitwa "boyi" na akiitika. Ninamshukuru Mungu kwa kazi ile. Ilitulisha miaka tisa, na watoto wangu walisoma.

Mama alikuwa mzee, mwenye mvi puani, mpole, mzito wa kuinuka. Binti alikuwa na miaka kama mitatu, kifua kipana, meno meupe yasiyo na kasoro. Tangu kuzaliwa kwake walilala pamoja kwenye gunia moja. Kisha, mvua zilipoanza mwaka ule, asubuhi moja binti alisimama kizingitini pa jikoni akamkatalia mama yake njia. Hakubweka. Alisimama tu, mkia umenyooka. Mama akalazimisha kupita, kama alivyopita siku zote, wakashikana kwa meno.

Niliacha sufuria motoni nikamrukia binti nikamshika shingo. Aligeuza kichwa mara moja tu, na jino lake likaingia chini ya kidole gumba changu mpaka nikalisikia likigonga mfupa.

"Kichwa hapana!" Mtunza bustani alikuja mbio kutoka kwenye maua. Alikuwa mzee kuliko mimi, mtu wa upande wa Lukafu, na baba yake alikuwa mwindaji wa kuwinda na mbwa. "Shika miguu ya nyuma! Weye ule, miye huyu. Rudi naye nyuma, sawa unavuta buruweti ya udongo!"

Tukawainua kwa miguu ya nyuma, kila mtu wake, tukarudi kinyumenyume kama wavuta toroli mpaka wakaachana. Yeye akamfungia binti ghalani. Halafu akanimwagia maji ya chumvi mkononi, akanitazama nikikunja uso.

"Kuweka mukono mu kinywa ya imbwa yenye kasirani," akasema. "Ku misioni njo banafundisha bile?" Kwetu kule "njo" ni ndiyo, na "bile" ni vile.

Ni kweli nililelewa misioni, na Jumapili nilifundisha katekisimu. Nyumbani kwetu mkubwa hula kwanza. Kwa hiyo baada ya siku ile niliona wajibu wangu uko wazi: kumrudishia mama heshima yake. Nilimwekea sahani yake kwanza. Nilimpapasa kichwa mbele ya binti. Binti akisogea, nilimchapa mwiko wa ugali puani, nikamwambia kwa sauti amri ya nne, "Waheshimu baba na mama yako!" Na karibu kila juma walipigana. Kila mara mama ndiye aliyetoka na jeraha, na kila mara nilizidi kumtukuza ili kumfariji.

Mzee wa bustani aliona yote hayo.

"Mupatie mutoto kwanza," akaniambia. "Mama alisha kushindwa. Yee anajua. Weye tu njo haujui."

"Muzee, mutoto akule mbele ya mama yake?"

"Eeh, Monpere!" Aliniita hivyo kwa kunicheka, kama padri. "Basi muibatize. Miye nitakuwa baba yake ya ubatizo."

Sikumsikiliza.

Jumapili moja Bwana alikuwa na wageni kwenye barza, yaani kibarazani, wanaume watatu na bia zao. Mbwa wakashikana uani chini yao. Nilitoka na ndoo ya maji, lakini Bwana akainua mkono. "Ngoja! Acha!" Wakasogeza viti. Wakawekeana dau la bia, wawili kwa binti, mmoja kwa mama kwa mzaha. Nilisimama na ndoo yangu imejaa, nikasikia sikio la mama likipasuka kama kitambaa. Yule mgeni aliyekuwa upande wa mama alicheka kuliko wote. Walipotosheka Bwana akasema, "Sasa, boyi, toa."

Madame, mkewe, alilia ndani ya nyumba, na kilio chake kikamchosha Bwana. Jioni ile alikuja jikoni, jambo asilolizoea.

"Damu tena, moja kufa," akasema kwa Kiswahili chake. "Ile ya kushindwa. Weye nasikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni yupi.

Basi nikatii mashauri ya mzee. Sahani ya kwanza kwa binti, mlangoni. Ya pili kwa mama, nyuma ya kuni, baada ya binti kushiba. Binti kwanza kupita, binti kwanza kuitwa. Mama alijifunza kwa siku mbili. Alikuwa akilala na kidevu chini, macho yamefumbwa nusu, mpaka mwenzake amalize. Kisha akainuka polepole kwenda kwenye sahani yake. Kwaresima yote ikapita bila damu. Jeraha la sikio likakauka. Nikawakuta tena, siku ya mvua, wamelala kwenye gunia lao, mgongo kwa mgongo.

"Unaona?" mzee akasema. "Imbwa haina amri kumi. Iko na moja tu."

Ilinipasa kushukuru na kunyamaza. Lakini kila siku nilipomwona mama yule mzee akingoja mtoto wake ashibe, niliona amri ikivunjwa jikoni mwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa na mama kijijini ambaye sikuwa nimemwona miaka minne. Mbwa hakulalamika. Aliyelalamika ni mimi.

Siku ya Pasaka nilitoka Misa alfajiri nikaenda kupika. Mzee wa bustani alikuwa amepewa siku mbili za sikukuu. Wenye nyumba walikula mguu wa kondoo, nami nikabaki na mfupa wake mkubwa wenye nyama. Nikasema moyoni: leo Bwana wetu amefufuka, leo mama atakula kwanza.

Nilimwita. Hakuja.

Alimtazama binti aliyelala mlangoni, akanitazama mimi, akarudisha kidevu chini. Nikamwita tena kwa sauti tamu. Akageuza uso. Basi nikamwendea, nikamshika ukosi, nikamburuta mpaka kwenye mfupa. Kucha zake zilikwaruza saruji. Akaweka mdomo juu ya mfupa kwa sababu nilimshikilia pale.

Binti alikuja bila sauti. Nilimshika miguu ya nyuma kama nilivyofundishwa, nikamvuta, lakini nilikuwa peke yangu, na kila nilipomvuta alimvuta mama pamoja naye, kwa shingo. Maji niliyamwaga baadaye, wakati hayakuwa na kazi tena. Walipoachana, mama alisimama kwa miguu mitatu, na damu ilikuwa mpaka kwenye ngazi.

Bwana alitoka, kitambaa cha mezani bado shingoni. Alitazama saruji, hakumtazama mbwa.

"Mimi kusema nini?"

"Damu, Bwana."

"Nani kushindwa?"

Nikaokota ndoo tupu. Akangoja. Alikuwa na subira ya kutosha siku hiyo.

"Nani?"

"Mama," nikasema.

"Kamata kamba."

Mama alipoiona kamba alitikisa mkia, maana kwa kamba ile Madame alimtembeza jioni. Alichechemea kando yangu mpaka kwenye kichuguu nyuma ya bustani. Bwana, bunduki mkononi, akaniamuru nishike karibu, karibu zaidi. Risasi ya kwanza ilimpata vibaya kwa sababu niliilegeza kamba. Bwana akasema hilo ni kosa langu, na lilikuwa kosa langu. Ya pili ilitosha. Akarudi kwenye kahawa yake, nami nikachimba.

Nilipoungama, padri alinikatiza. "Mbwa hana roho isiyokufa. Dhambi iko wapi?"

"Alikataa, Padri. Mimi nilimburuta."

Akaniambia nisali niombe unyenyekevu. Nimesali.

Mzee wa bustani aliporudi aliona udongo mpya. Akaniuliza nani alianza, nikamjibu ni mimi, naye hakunicheka. Wakati tuko pale, binti akaja akajilaza juu ya udongo ule, tumbo chini, pua kati ya miguu. Nikamtupia jiwe. Likampata ubavuni, akalia, akaenda hatua chache, akarudi akalala palepale. Nikaokota jingine.

Mzee akanishika mkono. "Acha, Monpere. Udongo iko baridi pale. Ni bile tu."