Fundi wa Kisorya Anayetuliza Injini Chini ya Maji

Ukungu bado umetanda ziwani Kisorya, wilayani Bunda, na Petronila Masatu tayari amelala chali chini ya boti iliyopandishwa nchi kavu. Kwa randa ndogo anapunguza ubao mnene ulio mbele ya pangaboi linalosukuma boti. Anapitisha kiganja, anafumba macho, anaendelea.

"Maji yakigonga ubao huu yanavurugika, halafu pangaboi linayapiga hivyo hivyo. Ndiyo ile kelele," anasema. "Mimi nayanyooshea njia."

Fundi huyu wa mitumbwi, mwenye miaka 41, alifundishwa na baba yake katika miaka ya uhaba, misumari ilipokuwa adimu kuliko sukari. "Tulikuwaga tunaing'oa kwenye mitumbwi iliyooza, tunainyoosha juu ya jiwe," anakumbuka.

Biashara ilipofunguliwa, injini zikaja. Mwaka jana, 1991, mnunuzi wa samaki Mseti Nyamhanga alileta boti ya dizeli. Wavuvi wa sato wakalalamika kwamba ikipita, kelele yake inafukuza samaki na nyavu zao zinabaki tupu. Asubuhi moja waliizuia kwa mitumbwi yao, makasia mikononi. Mseti akaamua kuhamia mwalo mwingine wa kununulia samaki.

"Angeondoka, samaki zetu zingeozea hapa," anasema Petronila. "Nikamwambia, kaka, niachie boti wiki mbili."

Kwanza alichovya kasia majini na kuegemeza sikio kwenye mpini wake, kama wavuvi wafanyavyo wanapotafuta samaki. Boti ikapita. Alisikia ngurumo, na ndani yake mgongano.

Akachonga nyuma ya boti ikawa nyembamba, akashusha pangaboi mbali na ubao, akalaza vipande vya tairi chini ya injini.

"Boti yangu ilikuwa vipande vipande mchangani," anasema Mseti. "Nilishindwa hata kula."

Siku ya majaribio, Alfonsi Wambura, aliyewaongoza wavuvi kuizuia boti, alikaa kwenye mtumbwi wake, sikio kwenye kasia. Boti ikapita karibu na nyavu zake.

"Juu nilisikia injini. Chini nikasikia maji tu," anasema Alfonsi. "Kuvuta nyavu, sato wamo. Nikamwambia, dada, umetushinda."

Tangu hapo Petronila amechonga upya boti sita, mbili kati ya hizo za watu wa Ukerewe. Sasa anajiandaa kwenda Mwanza, meli kubwa itakapopandishwa kwa matengenezo.

"Siendi kuomba kazi," anasema, akikung'uta unga wa mbao kwenye khanga. "Nataka nisimame nyuma yake, nilitazame pangaboi lake vizuri. Halafu niwaambie wenyewe: hata hii itanyamaza."