Mimba Niliyoipatia Melini

Niseme ukweli mapema, maana hata nikiuficha wenzangu wa mtaa wetu wa Masuguru, hapa Korogwe, wataniumbua: yule mama aliyejifungua melini ni mimi. Kama umepita Korogwe siku hizi basi habari umeshaipata, lakini umeipata kwa watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja ametia chumvi yake, kwa hiyo kaa nikusimulie mwenyewe, aibu ni yangu na sina sababu ya kuwaachia wengine waibebe.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Kwamsisi, huko Handeni, nikaolewa Korogwe mjini, na maisha yangu yote nimesafiri kwa sababu mbili tu, msiba na harusi (na harusi zenyewe nikienda nabeba cherehani kichwani, maana kuna nguo za dakika ya mwisho). Sasa mwaka huu, msimu wa sare za shule ulipokwisha, mgongo unauma, macho yanauma, nikakumbuka mteja wangu mmoja mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba Mwanza kuna meli, unapanda jioni, unalala juu ya ziwa, asubuhi unaamkia Bukoba. Nikajiambia, Mwantumu, wewe nenda ukalale juu ya maji.

Nilipomwambia mume wangu, Baba Rehema, ambaye ni mtu wa mahindi na mbuzi na maneno machache, akaniuliza, "Bukoba kuna nani?"

"Hakuna mtu. Nakwenda kutembea."

Akatafuna mhogo wake mpaka akaumaliza, kisha akasema, "Haya. Ukichoka, rudi."

Mtaani ndiyo ikawa kazi. Kila anayepita barazani kwangu anauliza kafa nani, nikisema hakufa mtu wanatazamana. Wifi yangu Mwajuma, dada yake Baba Rehema, akasema mbele ya watu kwamba mtoto wa Kwamsisi akiona maji mengi hivyo atazimia, kwa sababu kwao ndoo moja ya maji ni sherehe. Watu wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba maji siyaogopi, maji ndiyo yaniogope mimi, na hilo jibu, ndugu zangu, ndilo lililoniponza, maana ukishatamka neno kama hilo mbele ya wifi huwezi tena kuogopa hata kidogo.

Basi nikaondoka peke yangu. Basi lilipofika Mkumbara nilikuwa bado nawapungia mkono watu wa barabarani nisiowajua, kwa furaha. Sitaki kukuchosha na habari za njiani, Mwanza nikafika, nikalala, kesho yake jioni huyo nikaenda bandarini na begi langu na dera langu jipya la maua ya njano nililolishona mwenyewe, pana, la kupitisha upepo. Nikapanda meli. Nikapata kiti karibu na dirisha. Nikarekodi sauti nikaituma kwenye kundi letu la kina mama wa mtaa, nikasema, "Mimi hapa, nimekaa kama malkia, wala moyo hauendi mbio." Mwajuma akajibu, "Subiri iondoke."

Ikaondoka. Taa za mji zikaanza kurudi nyuma, nikachungulia dirishani, nikaona maji, halafu nyuma ya maji nikaona maji mengine. Sisi kwetu maji yalikuwa na mwisho, unayaona kisimani kule chini, unajua yamebaki kiasi gani. Haya hayakuwa na mwisho wala sakafu. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Wakati ule baharia mmoja kijana alikuwa ameshatuonyesha majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya machungwa yanayoelea, akasema yako chini ya viti na ni ya dharura. Nikaangalia abiria wenzangu, hakuna aliyelivaa, mmoja anakula karanga, mwingine amelala kabisa. Nikasema nikilivaa mimi peke yangu watanicheka. Na nisipolivaa nitakufa. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu, uamuzi wa fundi: nikalivuta lile jaketi taratibu, nikalikunja ndani ya mtandio, nikaenda nalo chooni, nikalivaa ndani ya dera.

Sasa kifuani lilikataa, dera ni pana chini lakini mabegani linabana, nikalishusha tumboni, yale mapande mawili manene yakakaa mbele, mikanda nikaifunga nyuma fundo la nguvu. Nikajitazama kwenye kioo cha kule chooni. Kioo kilikuwa kidogo, kilinionyesha uso tu. Uso ulikuwa sawa.

Natoka mlangoni nakutana na yule baharia. Akanitazama tumboni, akarudi nyuma, akasema, "Pole mama, pita taratibu, shika hapa." Akanishika mkono mpaka kwenye kiti, tena si kiti changu, akamwamsha baba mmoja aliyekuwa kwenye kiti kizuri cha mbele akamwambia ampishe mama mjamzito. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka kusema, mdomo nikaufungua, lakini jirani yangu mpya, mama mmoja mnene mchangamfu anayepeleka vitenge Bukoba, akanitangulia.

"Umeshakaribia, mwanangu, eti? Ujauzito huu si wa kusubiri."

Nikasema, "Alhamdulillahi." (Hebu niambieni, hapo uongo uko wapi.)

"Na umesafiri na nani?"

"Peke yangu."

Mama Vitenge akapiga kofi mapajani. "Na hali hiyo? Mume yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Korogwe. Ana mbuzi."

Akawageukia wanawake wa viti vya nyuma akawaeleza kwamba huyu mtoto wa watu ameachwa asafiri na mzigo tumboni kwa sababu mume anachunga mbuzi, na wale wanawake wakaanza kumsema Baba Rehema wa watu, mwanaume aliyenipa nauli bila swali la pili, wakamwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wakaniletea ndizi, wakaniletea mayai ya kuchemsha, wakaniletea chai ya maziwa, nikala vyote, maana kukataa ningeonekana na maringo.

Na hapo ndipo upepo ulipoongezeka kidogo. Meli ikaanza kuinama huku, inainuka, inainama kule. Yale mayai yakaanza kusafiri. Na lile fundo la nyuma, kila meli ikiyumba, linanibana, tumbo limejaa, jaketi linakandamiza, jasho linanitoka, nikajishika tumbo kwa mikono miwili nikaguna, na mguno wenyewe ukatoka kwa Kizigua.

Mama Vitenge akasimama. "Uchungu umeanza."

Nikasema, "Hapana mama, ni mayai tu."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema, na kabla sijamshika mkono yule baharia ameshakimbia, na baada ya muda mfupi nikasikia kipaza sauti cha meli nzima, juu na chini, kinasema kama kuna daktari au mkunga miongoni mwa abiria tafadhali afike viti vya mbele, kuna mama anajifungua. Meli yote ikasikia. Watu wakaanza kuja kuchungulia. Wanawake wakafungua kanga zao wakanizungushia kama pazia. Na katikati ya hayo simu yangu ikaita mkobani, mimi siwezi hata kuinama, Mama Vitenge akaitoa, akasoma jina, akaipokea.

"Wewe ndiye Baba Rehema? Waache hao mbuzi. Mkeo anajifungua melini."

Nikasikia sauti ya mume wangu, ndogo, kutoka mbali. "Anajifungua nini?"

Na mtandao ukakatika hapo hapo. Ndiyo hivyo, tulikuwa tumeshaingia ziwani.

Akaja bibi mmoja wa Kihaya, mwembamba, mkunga mstaafu, aliitwa Bibi Koku. Nikampa shikamoo hivyo hivyo nikiwa nimelala. Akaitikia marahaba, akapiga magoti, akaweka mikono yake kwenye tumbo langu, akapapasa upande huu, akapapasa upande ule, akasimama. Akanitazama usoni kwa muda. Akainama sikioni kwangu akasema polepole, "Mwanangu, mtoto huyu ana kona nne."

Nikamwambia, "Bibi, nisitiri."

Mungu ampe maisha marefu yule mama. Hakucheka. Alipitisha mkono nyuma, juu ya nguo, akalegeza fundo ili nipumue, akawageukia watu akasema kwa sauti ya hospitali kabisa kwamba hali si mbaya, apewe chumba, atanihudumia huko faraghani. Baharia akanishika mkono mmoja, Bibi Koku mwingine, tukaanza kutembea katikati ya viti, abiria wamesimama pande zote mbili, mzee mmoja anasoma dua, wanawake wanasema vumilia, vumilia. Ningefika. Mlango wa chumba nilikuwa nauona. Lakini fundo lilikuwa limeshalegezwa, meli ikayumba, na mimi nikapanua miguu nisianguke, kile kitu kikateleza chote, kikapita nyongani, kikapita magotini, kikatua sakafuni mbele ya miguu yangu. Rangi ya machungwa. Na kifilimbi chake pembeni.

Hata ile dua ilisimama.

Yule baharia akainama, akaliokota, akaligeuzageuza, akasoma maandishi ya mgongoni. Akasema, "Hii ni mali ya meli."

Hapo ndipo nilipokuwa na njia mbili. Ningeweza kukimbilia chumbani nijifungie mpaka Bukoba, na kwa kweli mguu mmoja ulishageuka. Lakini nikawaona wale wanawake wenye kanga mikononi, na Mama Vitenge ameshika simu yangu mdomo wazi, nikaona watu hawa wamenilisha na kuniombea, siwezi kuwapa mgongo. Nikasimama wima. Nikarekebisha mtandio.

Nikasema, "Jamani, naitwa Mwantumu, mimi ni fundi nguo, natoka Korogwe, na kwetu hasa ni Kwamsisi, Handeni. Nimekua nabeba maji kichwani kutoka mbali, sijawahi kuyaona mengi namna hii. Niliogopa, na niliona aibu kuogopa, nikalificha jaketi tumboni. Mimba sina. Mume wangu ni mtu mwema. Nawaomba radhi, na mayai yalikuwa matamu."

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia mpaka leo. Mama Vitenge akaanza, kicheko kutoka chini kabisa, mpaka akakaa sakafuni, na meli nzima ikamfuata. Nikacheka na mimi, nifanyeje. Na walipochoka kucheka, yule baba aliyeondolewa kwenye kiti kizuri kwa ajili yangu, amevaa suti na tai, akamwita baharia pembeni, lakini sote tukasikia. "Kijana, na mimi nina wasiwasi tangu tulipotoka. Naweza kupata moja?" Wakajitokeza wengine. Baharia akanirudishia langu, akasema, "Vaa, mama, lakini juu ya nguo. Na lifunge kifuani." Bibi Koku akanifunga mwenyewe. Nikalala ubavuni kwa Mama Vitenge, usingizi mzito, nikaamshwa na watu wanasema visiwa vya Bukoba hivyo. Nikatoka nje nikasimama kwenye vyuma vya meli, jua linachomoza, maji yamelala kimya, na mimi nimevuka.

Kisha mtandao ukarudi.

Simu iliita mpaka ikapata moto. Nilipoipokea Baba Rehema hakusalimia. "Mwantumu, umepata nini?"

"Jaketi."

"Liko salama?"

"Salama. Wamelichukua, ni mali ya meli."

Nilipomweleza vizuri alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia kwamba usiku ule hakulala. "Nilijua huna kitu," akasema, "lakini yule mama alivyosema kwa uhakika, nikaanza kujiuliza humu ndani mimi huwa naangalia nini." Na kabla hajajua la kufanya alikuwa amemwambia dada yake, na ukimwambia Mwajuma umeiambia wilaya. Masuguru walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu jina la mtoto. Kwamsisi mama yangu alikuwa ameshatafuta mbeleko.

Mwajuma akanipigia, akanishauri nirudi kwa basi, nizunguke ziwa kwa barabara, kwa sababu kwenye ile meli sasa natambulika. Nikamwambia asante wifi. Siku ya kurudi nikaenda bandarini, nikapanda meli ile ile, mabaharia wakanipokea, "Mzazi, karibu," nikachukua jaketi chini ya kiti, nikalivaa kifuani, juu ya dera, mbele ya watu wote, na nikala mayai.

Basi nimekula kiapo. Mtu akiniuliza jambo nitamjibu mapema, kabla hajajijibu mwenyewe, na nikiogopa nitaogopa waziwazi kama wenzangu. Jaketi ndani ya dera, kamwe. Lakini safari siachi, mwakani nakwenda tena, na Baba Rehema ameanza kunizungukazunguka akiuliza bei ya tiketi, nimemwambia aanze na safari ya kwake peke yake kwanza, atazame mwenyewe kama ataweza.

Wenzangu wa barazani bado wananicheka. Juzi walizidi, nikaacha cherehani, nikawauliza swali moja: nani kati yenu hapa ameshawahi kulala juu ya maji, peke yake? Nikarudi kwenye cherehani yangu kwa madaha.

Mwajuma akajikohoza. "Peke yako, wifi?" akasema. "Si mlikuwa wawili."