Biri ya Mdogo Wangu

Majira ya baridi ya Johannesburg ni adui wa tumbaku. Hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na jani la tumbaku likikauka hivyo, unaligusa tu linakuwa unga. Ndiyo maana chumba cha nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Rosettenville, nilikofanya kazi kati ya 2016 na 2018, kilitundikwa magunia mabichi kila ukuta, na chini ya meza zilikaa ndoo za maji. Ukifunga mlango ulisikia majani yakijinyoosha ndani ya makasha, sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayejigeuza kitandani. Sikuwahi kuizoea.

Mwenye kazi alikuwa mama mzee kutoka Kuba. Mwanawe daktari alimleta akae naye, na mama yule, asiyejua kukaa bure, akaanza kusokota biri, zile sigara nene za majani matupu, akiwauzia wenye pesa wa kaskazini mwa jiji. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, na nilikuwa msusi. Alinichukua kwa ajili ya vidole vyangu. Tulisemezana kwa Kifaransa changu na Kihispania chake, lugha zinazofanana kiasi cha kutosha watu kugombana. Na tuligombana kweli. Mimi ni mwepesi wa hasira, na yeye alikuwa na tabia ya kuifumua biri niliyoisokota, kisha kunisogezea majani nianze upya.

Akisokota, alisimulia. Kwao mashamba ya tumbaku hufunikwa kwa vitambaa vyeupe, jua lisiyachome majani yatakayokuwa ngozi ya biri. Alikulia humo. Alisema chini ya vitambaa hivyo mtu hana kivuli, na akikuita huwezi kujua yuko upande gani. Majani yakishavunwa, wanawake huyatunga kwa sindano na uzi na kuyatundika kwenye banda lisilo na dirisha yakauke polepole. Katika banda hilo baba yake aliwapelekea wafu wake biri ya kwanza ya kila mavuno. Aliiwasha, akaiweka kando ya glasi ya maji, akaitazama.

"Ukimwekea mtu aliye hai, inazimika," aliniambia. "Mfu anaivuta."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwambia mambo hayo abaki nayo mwenyewe. Lakini nilikuwa na jambo langu, na yeye alilijua.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa ametoka nyumbani kunifuata kwa njia ya barabara. Alinipigia akiwa Zambia, akasema anaona ng'ambo ya mpaka kwa macho. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena, na mwaka ukapita. Mtu asiyerudi na asiyezikwa ni mzigo mkubwa. Mama yangu hakuweza kuweka matanga, hakuweza kuacha kungoja. Kila jioni alimpakulia sahani yake, yeye mwenyewe hali, na ndugu walioniletea habari walisema amebaki mifupa. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo neno lilikuwa langu. Mama akipiga simu, swali lilikuwa lile lile.

"Unasema je, mutoto yangu? Tulie kilio, ao tungoje tena?"

Nilikuwa nasema tungoje, na nikisikia sauti yake inavyozidi kuwa nyembamba nilijichukia.

Mchana mmoja nikamwambia mama wa Kuba sawa, tumwekee. Nisionekane mjinga: biri isiyovutwa huzimika yenyewe, kila msokotaji anajua. Nilichagua jaribio lenye jibu moja tu. Juu ya hayo nikaisokota kwa mkono wangu, nikaibana mpaka ikawa ngumu kama mpini wa jembe, maana biri iliyobanwa hivyo haipitishi hewa hata ukiivuta kwa mapafu yote. Nilitaka awe hai, nikamsaidia Mungu kidogo.

Mama wa Kuba akaipapasa kwa kidole gumba. Akanitazama. Hakuifumua.

"Ni yako," alisema.

Akaiwasha kwa shida, akaiweka kwenye ubao wa ukutani kando ya glasi ya maji, tukarudi mezani kama watu wenye kazi. Mlango ulikuwa umefungwa. Magunia hayakutikisika. Ile ncha ikafifia, nikashusha pumzi, halafu ikang'aa. Ikafifia, ikang'aa tena, kwa mwendo wa mtu anayevuta taratibu akiwa hana safari. Majivu yakarefuka bila kuanguka. Moshi haukupanda juu. Ulitoka kidogo kidogo, baada ya kila mng'ao.

"Jani limekauka," nilisema.

"Liguse jani."

Nikayagusa majani yaliyobaki mezani. Yalikuwa na unyevu kama ulimi. Sikuthubutu kugeuka kutazama mwisho wa ule ubao, pale ambapo mvutaji angekuwa amekaa. Tulikaa hivyo mpaka biri ikabaki kipisi tu. Mama mzee akafanya ishara ya msalaba. Mimi nililia pale pale kwenye kiti, mikono ikiwa bado na gundi ya kubandikia majani.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilimpigia mama yangu nikamwambia, "Mama, tulie." Hakuniuliza nimejuaje. Nilisikia akiweka kitu chini, akatoka nje, kisha kilio chake, na cha jirani, na cha mwingine wa mbali.

Aliomboleza siku zake, akanyolewa, akala. Leo amenenepa, anaimba kwaya, ananishukuru. Habari ya mdogo wangu haijaletwa na mtu yeyote. Namba nisiyoijua ikiita, naitazama simu mpaka inyamaze yenyewe. Naogopa ni yeye, amesimama kituo fulani cha mabasi, anataka nije nimchukue, na sisi tumekwisha kumlia.