Mshale Juu ya Goti

Daktari atakayenyoosha goti la binti yangu hana haraka hata kidogo, na hilo ndilo linaloninyima raha. Anaweka rula juu ya picha ya eksirei, anapiga mstari kutoka nyongani hadi kwenye kifundo, anaufuta kwa kidole gumba, anapiga tena. Vidole vyake ni vinene kama vya seremala, lakini penseli anaishika kama yai. Sauti yake ni ya chini, mpaka umsogelee ndipo umsikie.

Asubuhi hii, kabla ya upasuaji, alimwuliza binti, “Mjukuu wangu, leo tunanyoosha mguu upi?”

“Wa kushoto.”

Akachora mshale kwa kalamu ya wino juu ya goti hilo, akatoka. Hakufika mbali, akarudi. “Upi, mjukuu wangu?”

“Wa kushoto, babu!”

Aliporudi kuuliza mara ya tatu, uvumilivu ulinishinda. “Daktari, mbona unatutia hofu? Kwani hukumbuki?”

“Nakumbuka, mama,” akasema, macho kwenye mshale. “Hata siku niliyopasua mguu usio sahihi, nilikuwa na uhakika.”

Nikamwomba ile kalamu. Nikaukoleza mshale kwa mkono wangu.