Bariyeri ya Bwana Tafadhali

Kuna watu ukiwaambia "ngoja hapo" wanangoja pale pale mpaka waote mvi. Kastori ni mmoja wao. Ni zamu wa shule ya msingi huko Gasorwe, mkoa wetu wa Muyinga, yaani analinda geti la shule ambayo haina geti wala ukuta. Alizaliwa Mutaho, mkoa wa Gitega, akabebwa mgongoni kukimbilia Tanzania, akakulia na kuoa huko huko. Amani ilipotulia alirudi na mke, godoro, na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kule Mutaho ndugu zake walimkatia kipande cha shamba chembamba hivi kwamba ukinyanyua jembe kwako linashukia kwa jirani. Basi wakahamia Gasorwe, kwa wazazi wa mkewe, Letisia.

Sisi wa Muyinga mjini tunasema Kiswahili vile kinavyotoka mdomoni. Kastori hawezi. Mbuzi akiingia kwenye mihogo yake anamwambia, "Ondoka, tafadhali," na mbuzi anaendelea kula kwa heshima. Watoto wa shule walimwita Bwana Tafadhali, yeye akadhani ni cheo.

Mimi ni Amisa, fundi cherehani pale sokoni Muyinga, wengi wananiita Mama Nadia. Katika habari hii niliingizwa na barakoa. Mwaka ule wa korona, likizo kubwa ikikaribia kwisha, wazazi wa shule ile waliniletea kazi ya kushona barakoa za watoto wote. Kitambaa cha kutosha nilichokuwa nacho kilikuwa kitenge kimoja tu, chekundu, chenye picha za kuku. Nikapanga vizuri, kila barakoa ikapata kuku mmoja, mdomo wa kuku juu ya mdomo wa mtoto. Mwishoni kitambaa kikanipunja, na barakoa moja ikatoka kuku amesimama kwa kichwa. Sikuitupa. Kuku wa kichwa chini anazuia mate sawasawa na mwenzake.

Shule ile ina kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni jiko. Letisia ndiye mpishi, na mchana anapakua ugali na maharagwe. Wapo watoto wanaoshuka milima asubuhi kwa ajili ya hesabu, sikatai, lakini wengi wanashuka kwa ajili ya sufuria. Sasa ikasemwa kwamba shule zitafunguliwa, ila komisheni itapita kukagua, na jiko lisilojikinga na korona litafungwa. Letisia akakosa usingizi. Kastori akaukosa zaidi, maana yeye aliacha shule darasa la tatu kwa njaa, wala si kwa ujinga.

"Mama Nadia," aliniambia siku aliyokuja kuulizia barakoa, "jiko likifungwa, watoto watakuja siku mbili tatu, halafu watapotea kimya kimya. Mimi nilipotea hivyo hivyo. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Alisema hivyo bila kulalamika, nami nikajifanya natafuta sindano.

Sasa, direkta wa shule, Bwana Gervasi, kwao ni Gitega, na likizo ile alikuwa huko. Siku chache kabla ya kufungua akampigia Kastori simu. Mtandao ulikuwa unakatika, na direkta, kama watu wengi wenye mtandao mbaya, alidhani dawa yake ni kupiga kelele.

"We Kastori! Uko unanisikia? Komisiyo inakuja lundi! Hakikisha bariyeri ziko! Bila bariyeri, kantini wanafunga!"

"Bariyeri, Mwalimu Mkuu?"

"Bariyeri! Bariyeri! Mi nitafika lundi asubui, nikute biko tayari!"

Simu ikakatika. Wewe na mimi tulisikiliza redio mwaka ule, tunajua bariyeri za korona ni kunawa mikono, kuvaa barakoa na kuachiana nafasi. Redio ya Kastori haikuwa na betri tangu Pasaka. Bariyeri aliyoijua yeye ni ile iliyomsimamisha siku aliyorudi kutoka Tanzania: mti umelala katikati ya barabara, jiwe limefungwa upande mmoja, kamba upande wa pili, na askari anauliza jina lako, unatoka wapi, unakwenda wapi.

Jumamosi akanijia kibandani akitaka kitambaa chekundu.

"Cha kazi gani?" nikamuuliza.

"Bariyeri ya korona. Lazima ionekane kwa mbali."

"Kastori, korona haiji na gari."

"Agizo ni agizo, Mama Nadia."

Nikampa mabaki ya kuku. Nilifikiri atayafunga kwenye kamba ya kuwapanga watoto. Mti sikuufikiria, na hata wewe usingeufikiria.

Jumatatu, ndiyo ile lundi ya direkta, alfajiri nikapanda pikipiki na gunia langu la barakoa. Tulipokata kona ya mwisho, dereva akafunga breki hadi nikambusu kisogo. Mbele yetu mkaratusi mzima ulikuwa umelala juu ya njia ya shule. Ulikaa kwenye panda, kitako kimefungiwa jiwe, ncha imefungwa kwa kamba ya katani, na kuku wangu wakipepea juu yake. Kushoto migomba, kulia uwanja mtupu. Hata ng'ombe wanne wangepita pembeni wakiwa wameshikana mikono.

Lakini hakuna aliyepita pembeni. Mti ukilala njiani, na nyuma yake kuna mtu mwenye kofia, sisi tunasimama tu, tumeshazoea. Letisia alikuwa ameweka dumu la maji na sabuni hapo hapo, akisema kama watu wote wanasimama, basi wanawe. Nami nikasimama kando ya dumu nikagawa barakoa.

"Simama hapo, tafadhali," Kastori akamwambia kila mtoto. "Jina? Unatoka wapi? Unakwenda wapi?"

"Shuleni."

"Kufanya nini?"

Hapo wengi walikwama, hata mwalimu mmoja. Wadogo wa darasa la kwanza walilia kidogo. Wakubwa walinogewa, wakapita, wakazunguka kwenye migomba na kurudi mwisho wa foleni ili waulizwe tena. Kuku wa kichwa chini alimwangukia msichana mmoja mwembamba wa darasa la nne, anaitwa Happy. Kastori akaitazama barakoa yake kwa makini.

"Kuku wako amelewa," akamwambia, na Happy akacheka mpaka barakoa ikashuka kidevuni.

Ndipo akafika direkta, amevaa suti ya Gitega, vumbi la Muyinga limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Simama hapo, tafadhali. Kitambulisho."

"Mais, Kastori! Mi ni nani?"

"Ni Mwalimu Mkuu, nakufahamu vizuri. Naomba kitambulisho."

"Nimekisahau Gitega!"

"Basi subiri pembeni, tafadhali, wenye vitambulisho wapite."

Direkta akautazama mti, akawatazama kuku, akamtazama Kastori. Nikaona jambo likimwingia taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kastori! Bariyeri si mti! Bariyeri ni mikono! Ni maske! Ni metre moja!"

"Huu ni zaidi ya mita moja, Mwalimu Mkuu. Niliupima."

Nyuma yao mtu akaanza kucheka. Alikuwa Mama Paskazia wa komisheni, amefika kwa miguu bila kusikika.

"Yampayinka we!" akasema, akifuta machozi kwa kiwiko. "Bariyeri! Kweli mumeweka bariyeri!"

Akacheka mpaka akainama, watoto nao wakacheka, na Kastori, ambaye hakujua kinachochekwa, akatabasamu kwa adabu. Halafu Mama Paskazia akanyooka, na kicheko kikaisha.

"Bon. Maji iko, maske iko. Lakini kwa jikoni, hawa batoto bakiwa na njaa, nani atabazuia basirundikane? Mi ninarudia saa ya kula. Nikikuta barundikana kwa sufuria, jiko nafunga leo leo. Pole, lakini ndiyo kazi yangu."

Akaenda kukagua madarasa. Tangu shule ile ijengwe hakuna mtoto aliyewahi kuifikia sufuria ya Letisia akitembea. Wanafika wakikimbia, mmoja juu ya mwenzake, kiatu cha huyu kwenye sahani ya yule.

Kastori alikuwa amekwisha kuelewa kosa lake. Akaanza kufungua vitambaa kwenye mti, kimoja kimoja, akivikunja kama nguo za mgeni anayeondoka. Iliniuma sana.

Letisia akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Simoni," akamwambia mumewe, "acha hivyo vitambaa. Ng'oa mti."

"Nimeshafedheheka, Mama Simoni. Nitaung'oa jioni, watu wakiondoka."

"Ung'oe sasa uulete jikoni! Watoto wamepita kwako asubuhi nzima, mmoja mmoja, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Njaa wanayo ile ile. Ukiusimamisha mbele ya sufuria watapita vile vile."

Kastori akautazama mti wake, kisha akavifunga tena vitambaa vyote kabla ya kuunyanyua. Walimu wakaubeba mabegani. Jiwe likabaki, na asiye na mzigo alikuwa direkta peke yake, basi akalikumbatia kwenye suti yake ya Gitega akalipeleka, akipumzika kila hatua chache na kulitukana kwa Kifaransa.

Mchana ulipofika, bariyeri ilikuwa imelala mbele ya jiko, dumu la maji upande huu, sufuria upande ule. Watoto wakaja mbio kama kawaida yao, wakauona mti, wakaona kofia, wakafunga breki.

"Nyuma kidogo, tafadhali. Mwachie mwenzako nafasi. Jina? Unatoka wapi? Unakwenda wapi?"

"Kwenye maharagwe!" mtoto wa kwanza akapaza sauti.

"Pita, tafadhali."

Mti ukapanda, mtoto akapita, mti ukashuka. Mwingine. Mwingine tena. Foleni ilifika uwanjani, kila mtoto na nafasi yake, kwa sababu akisogea karibu mno Bwana Tafadhali alikataa kuinua mti. Mama Paskazia akaja, akasimama katika zamu yake bila kuambiwa.

"Jina?"

"Paskazia."

"Unakwenda wapi?"

Alitaka kujibu kikazi, nilimwona. Lakini upepo ulikuwa unatokea kwenye sufuria.

"Kwa maharagwe," akasema. Akala wima kando ya dumu, akaomba chumvi kidogo, akamwambia Letisia kwamba jiko linabaki. Letisia akageuka akakoroga sufuria kwa nguvu, ingawa haikuwa na haja ya kukorogwa.

Kastori hakusikia. Alikuwa anainua na kushusha, jasho linamtoka, na bado watoto walikuwepo. Karibu na mwisho wa foleni nikamwona kuku wa kichwa chini. Nilikuwa nimemwona mapema sana, miongoni mwa wa kwanza kabisa, akipita na sahani yake. Sasa sahani ilikuwa imelambwa na kuoshwa.

"Jina?" Kastori akauliza.

Msichana, aliyekuwa Happy asubuhi, akatazama chini. "Upendo."

Kastori akamtazama kuku, na kuku akamtazama yeye, juu chini. Huyu ndiye mtu aliyemzuia mwajiri wake kwa kukosa kitambulisho.

"Unakwenda wapi, Upendo?"

"Kwenye maharagwe," akanong'ona.

Akauinua mti juu, juu zaidi kuliko alivyouinua kwa mwingine yeyote siku ile. "Pita, tafadhali."

Nikamsogelea. "Kastori, hukumwona yule?"

"Mama Nadia," akasema, akiushusha mti taratibu, "mimi nimewekwa hapa niulize majina. Hakuna aliyeniagiza nikague kuku."