Dawa ya Vitunguu vya Mvouni

Ile miaka serikali ilipokabidhiwa vijana, uchawi ulipigwa marufuku, na waliokamatwa na hirizi walitembezwa Moroni nzima wamevishwa hirizi zao shingoni. Mke wa mjomba wangu hakuwa na hirizi. Alikuwa na vitunguu.

Tulilima Mvouni. Vitunguu vilikuwa vinaoza mizizi, vidogo kama punje za saumu. Yeye, mzaliwa wa Mutsamudu kwenye kisiwa jirani, akapanda msituni akachota udongo wa chini ya miti mikubwa, ule wenye nyuzi nyeupe za ukungu, akauchanganya na samadi ya mbuzi na majivu. Kila mche akautilia konzi moja shimoni. Udongo ukaisha kabla ya tuta la mwisho.

Vitunguu vilikuwa vimeanza kujaa mtu mmoja alipokwenda kusema mke wa mjomba anazika vitu vyeupe. Kamati ya vijana ikapanda kutoka Moroni, mkuu wao rika langu.

"Mama wa Mutsamudu, unazika nini?"

"Dawa."

Kwao Mutsamudu na kwetu huku, dawa ni dawa: ya homa, ya wadudu, ya kumfunga mume wa mtu. Vijana wakatazamana.

"Dawa ya nani?"

"Ya vitunguu. Ulidhani yako?"

"Twende ukaieleze Moroni."

Nikaingia katikati na jembe. "Atakayemgusa namzika humuhumu."

"Na wewe mganga?"

"Mimi ndiye niliyekutimua kwenye mapera yetu juzi. Huo ni ukungu, unaishi na mzizi, unautafutia chakula. Nimesoma kwenye vitabu walivyoacha Wafaransa."

"Umesomea shule gani wewe?"

"Chini ya kitanda cha mjomba. Ndiko vilikokuwa."

Mkuu akang'oa kitunguu cha tuta la mwisho. Kidogo, kinanuka. Akang'oa cha tuta la pili, kikamjaa kiganjani, mizizi minene na mizima. Akakigeuzageuza.

"Basi sema ni mbolea, mama, tuondoke."

"Mama yangu aliita dawa."

"Sema tu," nikamwambia, sauti imenishuka. Wao walikuwa wengi, na mjomba hakuwepo.

Akafuta mikono kwenye leso yake, bila haraka. "Mbolea."

Vijana wakaanza kuondoka. Mkuu akabaki. Kamati nayo ilikuwa na shamba la vitunguu, na Moroni nzima ilijua hali yake.

"Konzi moja kila shimo?" akauliza chinichini.

"Moja. Na usiuanike, jua linauua."

Akavua shati, akalijaza udongo wa tuta la pili, akateremka nalo kichwani. Njiani, kila aliyemuuliza amebeba nini aliambiwa mbolea.